Kampuni ya ndugu wawili: inachokulinda na inachokudai

Mtu akianza kupata wateja wa maana pale Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga, hakosi wa kumwambia afungue kampuni. Anayeshauri mara nyingi hana hakika kampuni itasaidia nini, na anayeshauriwa huona haya kuuliza. Ndiyo maana kuna vyeti vingi vya usajili vimelala kabatini, ada na faini zinapanda kila mwezi, na mwenye cheti anaendelea kuuza kwa jina lake kama zamani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dada na mdogo wake wa kiume wana mashine ya kukamua mafuta ya nazi huko Pongwe. Nazi zinatoka Pangani na Muheza, mafuta yanauzwa Tanga mjini, na madumu mengine hupanda basi stendi ya Kange kwenda Dar es Salaam. Kwa sasa wanatumia jina la biashara ambalo dada alilisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Wanataka kampuni. Je, wanajua wanachokwenda kununua?

Anazaliwa mtu wa tatu

Jina la biashara ni bango tu. Nyuma yake yupo dada mwenyewe: deni la biashara ni deni lake, mashine ni mali yake, na akishtakiwa anashtakiwa yeye. Kampuni ni kitu kingine. Siku cheti kinapotoka, sheria inatambua kwamba amezaliwa mtu wa tatu, asiye dada wala kaka, mwenye jina lake, mali yake, madeni yake na namba yake ya mlipakodi. Kanuni hii tuliirithi kutoka Uingereza, kwenye kesi ya mtengeneza viatu Aron Salomon iliyoamuliwa mwaka 1897. Salomon alikuwa na karibu hisa zote za kampuni yake, mkewe na watoto wakiwa na hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika wadai walimgeukia yeye, na mahakama ya juu kabisa ikasema hapana, kampuni ni mtu mwingine.

Hapo ndipo lilipo neno "ukomo", yaani ukomo wa dhima: mwisho wa deni linaloweza kumfikia mwenye hisa. Tuseme kampuni ya ndugu zetu ina mtaji wa shilingi 1,000,000 uliogawanywa katika hisa 1,000 za shilingi 1,000 kila moja. Dada ana 600, kaka ana 400, na wote wamezilipia. Biashara ikianguka na muuza nazi wa Pangani anadai milioni 9, atashika mashine, madumu na fedha za kampuni zilizoko benki. Nyumba ya dada iliyoko Mabawa haigusi. Hasara ya dada inaishia kwenye zile 600,000 alizotia.

Lakini sharti ni "wamezilipia". Hisa uliyochukua bila kulipa ni deni lako kwa kampuni, na siku ya kufilisi mfilisi atakudai. Wanaoandika mtaji wa milioni 100 ili kampuni ionekane kubwa, wakagawana hisa zote bila kutia hata senti, wamejiandikia deni la milioni 100 kwa mkono wao. Tena wamelipia ada kubwa ya usajili kwa heshima hiyo.

Ukuta huu pia una milango. Wa kwanza ni benki. Kampuni changa ikiomba mkopo, afisa wa mikopo atataka dhamana binafsi ya wakurugenzi, na mara nyingi hati ya nyumba. Ukisaini, kwa mkopo huo ukomo wa dhima umekwisha, na nyumba ya Mabawa imerudi mezani. Mlango wa pili ni kodi: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaruhusu anayeisimamia kampuni kudaiwa binafsi kodi ambayo kampuni haikuilipa, asipoonyesha kwamba alichukua hatua za kutosha kuzuia hilo. Wa tatu ni udanganyifu. Mkurugenzi anayeendelea kukopa mali kwa jina la kampuni huku anajua haitaweza kulipa, mahakama inaweza kumtaka alipe mwenyewe.

Kwa hiyo ulinzi wa kampuni unafanya kazi hasa kwa wauzaji wa mali kwa mkopo, wateja wanaodai fidia, mikataba iliyovunjika na kodi ya pango. Kama biashara yako haikopeshwi na mtu yeyote ila benki, fikiri mara mbili.

Kodi inabadilika sura

Hili ndilo washauri wa kijiweni hulisahau. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 anaweza kutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo peke yake. Utaratibu huo ni wa watu binafsi. Kampuni, hata ikiwa na meza moja na mashine moja, hulipa asilimia 30 ya faida, na ritani yake, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, lazima iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu mwenye cheti cha CPA aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi.

Tupige hesabu. Mauzo ya ndugu zetu ni milioni 60 kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa mwaka 2022 kwa mauzo ya zaidi ya milioni 11 hadi milioni 100, dada kama mtu binafsi hulipa 2,100,000, apate faida au asipate. Wakiwa kampuni, na baada ya kutoa nazi, umeme, mishahara na pango wakabaki na faida ya milioni 6, kodi ya kampuni ni 1,800,000. Inabaki 4,200,000. Wakiigawana kama gawio, yaani faida wanayopewa wenye hisa, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 420,000. Jumla ni 2,220,000, na mhasibu bado hajalipwa.

Tofauti ni ndogo, lakini angalia kinachotokea faida ikiyumba. Ikishuka hadi milioni 2, kampuni inalipa 600,000 wakati dada angelipa zile zile 2,100,000. Faida ikifika milioni 15, kampuni inalipa 4,500,000 kabla ya gawio. Kwa hiyo biashara ya mauzo makubwa na faida nyembamba, kama ya jumla ya unga na mchele, inaweza kupata nafuu kwenye kampuni. Yenye faida nene, kama ya ushonaji au vipodozi vya mwani, inaumia. Piga hesabu kwa namba zako, na uangalie viwango vya mwaka husika, maana Sheria ya Fedha hubadilishwa kila Julai.

Wakurugenzi wanaofanya kazi wanaweza kulipwa mshahara, nao unapunguza faida ya kampuni. Ila mshahara unaozidi 270,000 kwa mwezi unakatwa kodi, na juu yake kuna michango ya NSSF ya asilimia 20 kati ya mwajiri na mwajiriwa, pamoja na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kuchota fedha kwenye droo na kuita "matumizi" hakumo kwenye orodha. Mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato (TRA) akikuta uchotaji huo atauhesabu kama mshahara, gawio au mkopo kwa mkurugenzi, na atachagua yeye.

Jambo jingine ambalo vikundi vya akina mama na vijana wanapaswa kulijua: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri hutolewa kwa vikundi. Kikundi kikijigeuza kampuni kwa sababu mtu amesema kampuni ndiyo maendeleo, kinaweza kujifungia mlango ambao jirani zake bado wanaingia.

Katiba, mahali ambapo ndugu hukosania

Kila kampuni ina katiba inayoeleza madhumuni, mtaji, hisa, mikutano na uongozi. Watu wengi huchukua nakala ya mtu mwingine, wakabadilisha majina, wakapakia. BRELA inaipokea, kwa sababu kazi yake ni kuona kama inafuata sheria. Kama inawafaa ninyi ni juu yenu. Soma vifungu vitatu kwa makini kuliko vyote.

Cha kwanza ni mgawanyo wa kura. Hamsini kwa hamsini inaonekana ni haki, hasa kwa ndugu. Siku mkigombana kuhusu kununua mashine ya pili, hakuna uamuzi utakaopita, na kampuni itasimama huku nazi zinaoza. Ama mmoja awe na zaidi ya nusu, kama dada yetu mwenye 600, ama katiba iseme nani anaamua kura zikilingana.

Cha pili ni uhamishaji wa hisa. Kampuni binafsi kisheria inaweka mipaka ya kuhamisha hisa na haizidi wanahisa 50, ukiacha wafanyakazi. Kifungu kizuri husema mwanahisa anayetaka kuuza awauzie kwanza waliomo, kwa bei itakayopigiwa hesabu na mhasibu huru. Bila hicho, kaka anaweza kukuletea mshirika usiyemjua. Hata ndani ya familia, uhamisho wa hisa unapitia TRA kwanza, maana faida ya kuuza hisa inatozwa kodi, na BRELA itataka uthibitisho kabla ya kubadilisha daftari.

Cha tatu ni kifo, na hapa Tanga inafaa kukaa nacho kidogo. Kaka akifariki, familia itataka kugawa urithi, na mtu wa kwanza kuonyeshwa kidole ni mashine. Lakini mashine si ya kaka. Ni ya kampuni, na kampuni haijafa. Alichoacha kaka ni hisa 400. Tuseme wazazi wake hawapo, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu. Mke anapata thumuni, hisa 50. Zinabaki 350: kila mwana wa kiume 140, binti 70. Dada hapati kitu kwa urithi kwa sababu wapo watoto wa kiume, lakini anabaki na hisa zake 600 na kampuni inaendelea kukamua. Msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye anayeomba hisa hizo ziandikwe kwa majina ya warithi.

Hesabu hiyo ni nyepesi kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba shemeji aliyebaki mjane anahitaji fedha za ada ya shule, na hisa 50 za kampuni ndogo haziuziki sokoni Mgandini. Katiba ikiwa na kifungu kinachowapa wanahisa waliobaki haki ya kununua hisa za marehemu kwa awamu, mjane anapata fedha na dada anabaki na biashara. Kuweka kifungu hicho mapema kunagharimu saa moja ya wakili. Kukikosa kunagharimu udugu.

Kusajili

Usajili hufanyika kwenye mtandao wa BRELA tangu mwaka 2018, kupitia mfumo wake wa usajili uitwao ORS. Huna haja ya kusafiri kwenda Dar es Salaam. Unahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya kila mwanahisa na mkurugenzi, namba ya mlipakodi (TIN) ya kila mmoja, simu na barua pepe zinazofanya kazi, anwani kamili ya ofisi, na watu wawili kwa uchache.

Fungua akaunti kwa NIDA yako mwenyewe. Hili tunalisisitiza kwa sababu vishoka wengi husajili kampuni za watu kwa akaunti zao. Ujumbe wa marekebisho unakwenda kwao, na baada ya miaka miwili ukitaka kubadilisha mkurugenzi unaanza kumtafuta mtu ambaye simu yake haipatikani. Wakili au mhasibu akusaidie kuandaa nyaraka, lakini akaunti iwe yako.

Tafuta kwanza jina kwenye mfumo. Jina linalofanana na lililopo litakataliwa, hata ukibadilisha herufi moja au kuongeza "Tanga" mbele. Ukishalipata, jina la kampuni halilindi nembo iliyo kwenye chupa zako za mafuta. Hiyo ni alama ya biashara na inasajiliwa peke yake, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kila miaka 10.

Ukimaliza kujaza, mfumo unatoa fomu ya pamoja yenye taarifa zote. Inachapwa, inasainiwa na wahusika, inaskaniwa na kupakiwa pamoja na katiba na Fomu 14b, ambayo ni tamko la kufuata sheria linaloapwa mbele ya kamishna wa viapo. Maombi mengi hurudishwa hapa kwa makosa madogo: jina la kwenye katiba limepishana na la NIDA ("Mwanahamisi" huku, "Mwanahamis" kule), hisa za kwenye katiba hazijumlishi sawa na za kwenye fomu, ukurasa wa saini umeskaniwa nusu, au shughuli zilizochaguliwa kwenye mfumo haziendani na madhumuni. Soma nyaraka zote tatu ukiwa umeziweka sambamba kabla ya kupakia.

Katibu wa kampuni ni wa lazima. Ndiye anayetunza daftari la wanahisa na kuwasilisha taarifa, kwa hiyo usimwandike shangazi kwa heshima tu.

Ada inategemea mtaji. Kwa jedwali ambalo BRELA imekuwa ikitumia, mtaji usiozidi 1,000,000 ni 95,000, hadi milioni 5 ni 175,000, hadi milioni 20 ni 260,000, hadi milioni 50 ni 290,000, na zaidi ya hapo 440,000. Ongeza 66,000 za kufungua nyaraka na 6,200 za ushuru wa stempu. Ndugu zetu wanalipa 167,200 kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kwa benki au simu. Anayekutajia laki nane anatakiwa akueleze nyingine ni za nini. Kuna haki ya kulipa kazi ya wakili, lakini iandikwe kwenye risiti yake.

Siku hizi pia hutajwa wamiliki manufaa, yaani watu wa kweli wanaonufaika au kuiongoza kampuni hata kama hisa zimeandikwa kwa jina jingine. Kwa kampuni ya familia ni wale wale. Ukimwekea mtu hisa "kwa niaba", taja ukweli.

Cheti kimetoka, biashara bado

Cheti hakikupi ruhusa ya kuuza. Kampuni inahitaji TIN yake kutoka TRA, na hapo utaombwa cheti, katiba, barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa pango. Mkataba ndio kikwazo cha kawaida. Unalipiwa ushuru wa stempu, na kampuni kama mpangaji inatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba wa Chumbageni aliyezoea kupokea 300,000 taslimu atakataa kupokea 270,000, na wapangaji wengi huishia kulipa ile 30,000 mfukoni mwao. Zungumzeni naye kabla ya kusaini.

Kisha leseni ya biashara. Kwa biashara nyingi ndogo inatolewa na halmashauri, kwa mfano Jiji la Tanga, kupitia mfumo wa TAUSI, na inataka uthibitisho wa kodi kutoka TRA. Kwa mafuta ya kula kuna TBS, yaani Shirika la Viwango, kwa jengo na kwa bidhaa, na OSHA kwa usalama na afya mahali pa kazi.

Akaunti ya benki inafunguliwa kwa azimio la bodi linalotaja wanaosaini. Weka saini mbili kwa kiasi kikubwa.

Sasa lile linalosahaulika kuliko yote: kuhamisha biashara ya zamani. Mashine iliyonunuliwa kwa jina la dada haihami yenyewe. Andikeni mkataba wa mauzo kutoka kwa dada kwenda kwa kampuni wenye orodha na bei ya kila kitu, au dada alipwe kwa hisa. Gari au Bajaji libadilishwe kadi. Kiwanja kiacheni kwa mwenyewe, akipangishe kwa kampuni, maana kuhamisha hati kunaleta uthamini na kodi. Madeni ya zamani yanabaki kwa dada. Na dada aijulishe TRA kwa maandishi kwamba biashara yake binafsi imefungwa. Asipofanya hivyo atakadiriwa yeye, na kampuni nayo itakadiriwa, kwa mashine ile ile.

Kila mwaka kampuni inawasilisha TRA makadirio ya kodi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wa hesabu, inalipa kwa awamu nne (kwa mwaka wa kalenda ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba), na ritani yenye hesabu ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Isipofanya biashara, bado inawasilisha. Adhabu ya kuchelewesha ritani kwa kampuni huanzia mara tatu ya ile ya mtu binafsi.

BRELA nayo inataka taarifa ya mwaka ndani ya siku 28 baada ya tarehe ya kuzaliwa kampuni. Ada ni 22,000, na ucheleweshaji ni 2,500 kwa kila mwezi kwa kila waraka. Inaonekana ni fedha ya chai. Kampuni iliyolala miaka mitano bila kuwasilisha inadaiwa taarifa tano, 110,000. Ya kwanza imechelewa miezi 48, ya pili 36, ya tatu 24, ya nne 12. Hiyo ni miezi 120, shilingi 300,000 juu yake. Na huwezi kubadilisha mkurugenzi, kuhamisha hisa, wala kuifuta mpaka ulipe.

Wenye maghala upande wa Pemba, kumbukeni BRELA ni ya Bara. Zanzibar usajili uko chini ya BPRA, wakala wa usajili wa huko, na cheti cha Tanga pekee hakiwafungulii duka Wete.

Kufunga kampuni kuna utaratibu wake. Mnakaa kikao, mnapitisha azimio, mnalipa wadai, mnamaliza ritani zote TRA, mnapata uthibitisho kwamba hamdaiwi kodi, ndipo mnaomba BRELA iifute kwenye daftari. Kung'oa bango na kuuza mashine hakufungi kitu, na mnunuzi wa mashine ataomba mkataba wenye saini ya mwenye mali, ambaye ni kampuni ile ile mliyodhani mmeiacha.